Pisti iliyokatwa na volkano: Goma, Birere na ajali mbili

Jumanne tarehe 15 Aprili 2008, ndege aina ya DC-9-51 ya kampuni ya Hewa Bora ilishindwa kupaa Goma, mashariki ya Kongo. Ilipita mwisho wa kusini wa pisti, ile njia ya lami ya kurukia na kutulia, ikatoka nje ya uwanja na kuingia kwenye maduka na nyumba za mtaa wa Birere. Watu wapatao 40 walikufa, na karibu wote hawakuwa abiria. Walikuwa wakiuza, wakinunua, au wamejikalia nyumbani. Miezi 19 baadaye, tarehe 19 Novemba 2009, MD-82 ya kampuni ya CAA iliyotoka Kinshasa ilitua Goma, ikashindwa kusimama, ikapita mwisho wa kaskazini na kukwama kwenye lava iliyoganda. Safari hii watu waliumia tu, hakuna aliyekufa.

Mjini ajali hizi zilisimuliwa kama visa viwili vya kawaida vya ndege chakavu. Sina ugomvi na maelezo hayo, ndege zetu zinajulikana. Lakini chukua ramani uziweke pamoja. Pisti ni ileile. Ndege moja imepita mwisho wa kusini, nyingine wa kaskazini, na kote kuwili ilipohitaji mita chache za ziada, hazikuwepo. Naona kisa hiki hakikuanza 2008. Kilianza tarehe 17 Januari 2002, na kilichokikuza si volkano peke yake, ni miaka iliyopita lava ikiachwa pale ilipolala.

Uwanja wa Goma uko ndani ya mji, juu ya lava za zamani, kati ya mlima Nyiragongo na ziwa Kivu. Kilele cha mlima kina mita 3,470, maji ya ziwa yako kwenye mita 1,460 hivi, na uwanja uko juu kidogo ya ziwa, mita 1,500 na ushee. Mashariki, kilomita chache tu, ni mpaka wa Rwanda. Pisti imelala kaskazini kwenda kusini, na hali hiyo inampa rubani nafasi ndogo ya kuchagua. Nani atapaa akiuelekea mlima wenye moto ndani? Kwa hiyo ndege nyingi zinatua zikitokea ziwani na kupaa zikirudi ziwani. Wakazi wa Birere hupitiwa juu ya mabati yao na zote mbili, inayokuja na inayoondoka.

Na hii si pisti ya kuchezea. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa na hakuna barabara ya kukufikisha huko kwa uhakika. Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda walipomiminika Goma na kipindupindu kikaanza kuwamaliza, ndege za msaada na za majeshi ya Ufaransa na Marekani zilitua hapa usiku na mchana. Agosti 1998 ndege zilitekwa hapahapa, zikajazwa askari chini ya James Kabarebe, afisa wa jeshi la Rwanda, na kuvuka nchi nzima hadi Kitona, karibu na Atlantiki, vita vya pili vya Kongo vikawa vimeanza kwa kishindo. Miaka ya 2000 ndege ndogo zilileta kasiteriti, madini ya bati, ya Walikale. Huko hakukuwa na kiwanja karibu na machimbo, basi zilitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, watu wakisogea pembeni kuzipisha. Ongeza helikopta na ndege za kikosi cha Umoja wa Mataifa. Mahali kama hapa ungedhani kungekuwa pa kwanza kutengenezwa.

Sasa Januari 2002. Ufa ulifunguka kwenye ubavu wa kusini wa Nyiragongo na lava ikashuka mjini hadi ziwani. Sehemu kubwa ya katikati ya mji ilifunikwa, zaidi ya watu 100,000 wakabaki bila makao, na mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, mji wa Rwanda ng'ambo ya mpaka, na vichochoro vyake. Mkondo mmoja ulipita juu ya uwanja. Pisti ilikuwa na urefu wa kilomita 3 hivi, na theluthi yake ya kaskazini ikazikwa. Jengo la abiria na maegesho ya ndege yalikuwa upande huohuo. Kwa siku moja uwanja ukapoteza kilomita moja ya pisti pamoja na mlango wake.

Kilichofuata ni kile ambacho watu wa Goma hufanya vizuri kuliko wote: kujipanga upya bila kumngoja mtu. Maegesho ya muda na jengo la muda vikawekwa kwenye sehemu ya kusini iliyosalia, ndege zikaanza tena kushuka, abiria wakabeba mizigo yao kwa mikono na maisha yakaendelea. Kaskazini, mabaki ya ndege za zamani yalibaki kando ya jiwe jeusi, watoto wa mtaani wakayageuza mahali pa kuchezea. Muda huo ukageuka miaka.

Lava ya Nyiragongo ikishaganda si kitu cha kufagia. Uso wake una ncha kama chupa zilizovunjwa, kandambili haimalizi wiki juu yake. Chini ya ngozi hiyo kuna jiwe zito, na mahali pengine tabaka linafika kimo cha mtu mzima. Nenda mtaa wowote wa Goma uone mama amekaa chini ya kipande cha turubai, nyundo mkononi, kipande cha mpira wa tairi kimezungushwa kwenye jiwe ili lisiruke, anapasua kokoto mpaka jioni apate fungu moja la kuuza. Ndiyo kazi yenyewe. Kuondoa kilomita moja ya jiwe hilo, kwa upana wa pisti na pembeni zake, kunataka mashine kubwa, baruti, mafuta, na mtu wa kulipa. Kisha lami iliyo chini imeungua, nayo ijengwe upya.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoachia njiani. Utasikia mtu akisema: pisti ya kilomita 2 inatosha, viwanja vingapi duniani vina kilomita 2? Inatosha wapi? Kando ya bahari, pengine. Hewa ya mita 1,500 ni nyepesi. Injini inavuta hewa kidogo, inasukuma kidogo. Bawa linapata hewa kidogo, hivyo ndege lazima ikimbie zaidi ardhini kabla ya kuinuka. Rubani anaiona kasi ileile ya kawaida kwenye saa yake, lakini magurudumu yanakwenda haraka kuliko yangekwenda Matadi, chini karibu na usawa wa bahari.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lina kanuni ya kukadiria jambo hilo wakati wa kusanifu viwanja: kwa kila mita 300 za mwinuko, ongeza asilimia 7 ya urefu wa pisti. Goma ina mita 1,500, yaani mara tano, asilimia 35. Halafu kuna joto. Kwenye mwinuko huo hali ya hewa ya kawaida katika vitabu vya anga ni nyuzi 5 hivi; mchana wa Goma hufika 25. Kwa kila nyuzi inayozidi ongeza asilimia 1, hapo ni 20. Zidisha zote mbili, unapata kwamba kilomita 2 za Goma ni sawa na mita 1,235 hivi kwenye usawa wa bahari, siku yenye baridi ya wastani. Ni makadirio ya msanifu, kila ndege ina majedwali yake. Lakini yanaonyesha ukubwa wa tatizo. Wale waliosema kilomita 2 zinatosha walikuwa wakitazama lami, hawakutazama hewa iliyo juu yake.

Kuna sehemu ya pili ya hesabu. Ndege ya kiasi hicho inapokaribia kuinuka inakwenda kilomita 250 hivi kwa saa, yaani mita 70 kwa sekunde. Kabla ya kuondoka, marubani hupanga kasi ya uamuzi: chini yake, kukitokea shida, unafunga breki, ukishaivuka, unaruka hata kama injini moja imekufa. Mpango huo una maana pale tu ambapo kuna pisti ya kutosha kusimamia. Sekunde mbili za kusitasita ni mita 140. Ndiyo maana ICAO inadai kuwe na eneo la usalama baada ya mwisho wa pisti, angalau mita 90, na inashauri 240: uwanda mtupu, hakuna ukuta, hakuna mtaro, hakuna mtu. Goma mwaka 2008, ukitoka kwenye uwanja upande wa kusini, unaingia Birere.

Birere mnaijua. Nyumba za mbao zimeezekwa mabati, zimebanana hadi ukikohoa jirani anakupa pole. Maduka ya vitenge, simu, unga na betri. Kadafi, yaani muuza petroli wa mtaani, amepanga chupa zake kando ya njia. Tshukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinashuka na magunia ya makaa na viazi, mwenyewe akipiga kelele apishwe. Mchana ule wa Aprili ndege yenye mafuta ya safari ya Kisangani na Kinshasa iliingia humo.

Nini kiliharibika ndani ya ndege? Saa za mwanzo zilitajwa injini, ikatajwa tairi, yakatajwa maji yaliyotuama kwenye pisti. Idadi ya waliokufa nayo ilipanda na kushuka, siku za kwanza ilitajwa zaidi ya 70, baadaye ikapungua. Watu wengi waliokuwa ndani ya ndege waliokoka, jambo ambalo wengi walioiona ikiungua hawakuliamini. Askari wa Umoja wa Mataifa walisaidia kuzima moto na kuokoa watu, pamoja na vijana wa mtaani waliofika kabla ya mtu yeyote. Siku nne tu kabla ya hapo, tarehe 11 Aprili, Umoja wa Ulaya ulikuwa umeiweka kampuni hiyo kwenye orodha ya zile zisizoruhusiwa kuruka Ulaya. Jambo hilo likawa habari kubwa, na ndilo lililoteka mjadala.

Mimi naona liliteka mjadala kupita kiasi. Kwa sababu chagua chanzo chochote kati ya vilivyotajwa, injini, tairi au maji, uniambie ni kipi kinachoipeleka ndege hadi kwenye meza ya muuza unga. Hakuna. Vyote vinaishia kwa rubani anayetafuta nafasi ya kusimama. Ndege iliyokuwa ikipaa kuelekea kusini ilianza mbio zake kwenye ukingo wa lava, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na jiwe. Ingeanzia mwisho wa zamani wa pisti, kilomita moja kaskazini zaidi, mbio zilezile na shida ileile zingeishia juu ya lami. Hii ndiyo sehemu ya kisa inayowaponyoka watu: lava iko kaskazini, marehemu wako kusini, na macho hayaunganishi pande hizo mbili.

Ajali ya Novemba 2009 inathibitisha upande wa pili. Ndege ilitua ikitokea ziwani, ikaelekea mlimani, haikusimama kwa wakati. Mbele yake palikuwa na jiwe lilelile. Bahati ni kwamba lava haina wakazi. Ukiniuliza kati ya miisho miwili ni upi ulio bora kukosea, jibu unalo, na linatisha kwamba swali lenyewe lilikuwepo.

Kwa nini lava haikuondolewa kati ya 2002 na 2008? Siamini kwamba ni uzembe mtupu. Volkano ilipolipuka, Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, Kinshasa haikuwa na sauti hapa wala sababu ya kutuma tingatinga. Nchi iliunganishwa tena 2003 chini ya serikali ya mpito yenye makamu wanne wa rais, kila mmoja na kiti chake cha kulinda. Uchaguzi ulikuja 2006. Mwaka uliofuata vita vya waasi wa CNDP vilikuwa vimepamba moto Masisi na Rutshuru. Katika hali kama hiyo nani atapanga bajeti ya kilomita moja ya jiwe? Mamlaka ya viwanja, RVA, makao makuu yake yako Kinshasa, na huko Goma ilionekana kama kiwanja kinachofanya kazi, kwa sababu kilikuwa kikifanya kazi kweli. Ndege zilitua. Ushuru uliingia. Uwanja ukifungwa kabisa watu hupiga kelele. Ukifanya kazi nusunusu, kelele zinakwisha. Ndiyo hatari ya suluhisho la muda linalofaa.

Lakini baada ya 2003 udhuru huo unapungua nguvu kila mwaka. Na hakuna kilichozuia hatua ya bei nafuu kuliko zote, kuzipunguzia ndege mzigo. Pisti fupi haiui kama ndege ni nyepesi. Tatizo ni kwamba mzigo ndio faida, na mtu wa kusema "shusha tani 3" lazima awe na mamlaka kuliko mwenye ndege.

Mwaka 2009 serikali ilianzisha Go-Pass, ile karatasi ya dola 10 kwa safari za ndani na 50 kwa za nje, kwa ajili ya kukarabati viwanja. Kila msafiri wa Goma ana simulizi yake juu ya karatasi hiyo, nitaziacha. Hatua kubwa ilikuja 2015, Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 52 kwa mradi maalumu wa usalama wa uwanja wa Goma: pisti, mnara wa kuongozea ndege, uzio na mengine. Mwaka huohuo Ethiopian Airlines ilianza kutua, na jina la uwanja wa kimataifa likaanza kuwa na maana: mfanyabiashara aliweza kupandia hapahapa na kushukia Addis Ababa badala ya kwenda kutafuta ndege Kigali.

Ningependa kuishia hapo, ila kuna tarehe mbili zinazokataa.

Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 ya Busy Bee iliyokuwa ikienda Beni ilianguka mtaa wa Mapendo muda mfupi baada ya kupaa, ikaua waliokuwa ndani na watu waliokuwa chini. Dornier ni ndege ndogo, haihitaji hata kilomita moja ya pisti. Hapo hoja yangu ya lava haisaidii kitu. Inaonyesha kwamba Goma ina matatizo mawili na mimi nimekuwa nikieleza moja: urefu wa pisti, na nyumba zilizo chini ya njia ya kupaa. La kwanza hutatuliwa kwa pesa. La pili linagusa ardhi. Kwa sheria ya 1973 ardhi yote ya Kongo ni mali ya dola, na bado familia iliyokaa Birere vizazi viwili, ikilipa kodi za kila aina, huwezi kuiambia leo kwamba imekaa mahali pa makosa. Wengi walianza kuishi hapo kabla hata hawajazaliwa wale wanaowaita wavamizi.

Tarehe nyingine ni 22 Mei 2021. Nyiragongo ililipuka tena jioni, ikakata barabara ya kwenda Rutshuru, ikateketeza nyumba upande wa Buhene, na lava ikasimama mita mia chache tu kabla ya uwanja. Yaani kila dola iliyotumika kuirudisha kaskazini ya pisti iliponea chupuchupu. Baada ya usiku ule wazo la kuuhamisha uwanja kabisa haliwezi kuitwa ndoto ya wasomi. Lakini uhamie wapi? Kaskazini ni mlima, magharibi ni lava nyingine na milima ya Masisi, kusini ni maji, mashariki ni nchi ya watu.

Kwa hiyo nabaki na pisti iliyopo. Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, uwanja ulifungwa, na wasafiri wakarudi kwenye desturi ya zamani ya kuvuka mpaka na kupandia Kigali. Mazungumzo ya kuufungua yamekuwa ya kisiasa: nani atasimamia mnara, nani atapiga muhuri pasipoti, ndege za msaada peke yake au za biashara pia. Ni maswali halali. Ila ningependa fundi mmoja apewe nafasi kwenye meza hiyo na swali lake moja: kilomita ya kaskazini itahesabiwa vipi?

Maana kuna njia mbili za kuihesabu. Ukiitangaza yote kuwa pisti ya kupaa, makampuni yatapiga hesabu upya na kuongeza mzigo mpaka ndege itumie urefu wote, na Birere itarudi palepale ilipokuwa 2008, ila safari hii kwa ndege nzito zaidi. Ukitangaza urefu mfupi zaidi wa kupaa, na kuacha mita mia kadhaa za lami upande wa kusini kuwa za kusimamia tu, umepata lile eneo la usalama bila kubomoa nyumba hata moja. Makampuni hayatapenda. Kila tani inayobaki chini ina mwenyewe anayejua bei yake, ila hasara hiyo inaandikwa kwenye daftari la kampuni. Ile nyingine iliandikwa Birere.